Salome Yupi?

Ukiwauliza watu wa Bukoba au Muleba ni wimbo gani wa Buhaya uliovuka mipaka, wengi watakutajia Maria Salome wa Saida Karoli. Ulivuma mwanzoni mwa miaka ya 2000, na hata wasiojua neno moja la Kihaya waliuimba. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakaurudisha kwa sura nyingine, wakauita Salome. Jina hilo ni kipimo kizuri cha kazi ninayotaka kuisifu hapa, nayo ni kusikiliza wimbo wa kidunia na kutambua alama za Kikristo zilizomo, bila kuzibandika pale ambapo hazipo.

Kazi hii ina mafundi wake. Mmoja ninayemfahamu ni mwalimu wa kwaya upande wa Kamachumu, tarafa alikozaliwa Kardinali Laurean Rugambwa. Vijana humletea nyimbo kwenye simu: bongo fleva, rege, roki ya Ulaya. "Shikamoo mwalimu, huu nao una neno la Mungu?" Anaitikia marahaba, swali analiacha kwanza. Wimbo ukipigwa mara ya kwanza anasikiliza tu, mikono mapajani. Ukirudiwa ndipo anauliza nani anaimba, na anamwimbia nani. Penseli na daftari hutoka baadaye, na Biblia hufunguliwa mwisho kabisa. Utaratibu huo nauheshimu sana. Anayeanza na Biblia mkononi hakosi kuona msalaba kila penye vijiti viwili.

Tumchukue Salome. Marko anamtaja mara mbili: katika 15:40 yumo miongoni mwa wanawake wanaoutazama msalaba kwa mbali, na katika 16:1 amenunua manukato ili wakaupake mwili wa Yesu. Mathayo, akiwataja wanawake wa pale msalabani katika 27:56, anasema mama yao wana wa Zebedayo, na hapo mapokeo yakawafanya kuwa mtu mmoja. Yuko pia binti wa Herodia, yule aliyecheza mbele ya wageni wa Herode hadi Yohana Mbatizaji akakatwa kichwa. Injili hazimtaji huyu kwa jina. Anayetujulisha kwamba Herodia alikuwa na binti aitwaye Salome ni Yosefo, mwanahistoria wa Kiyahudi. Mwenye pupa atamkamata huyo mchezaji mara moja, kwa kuwa wimbo wenyewe unachezeka.

Mwalimu alishika jambo ambalo mimi nisingelifikiria. Hakuna mstari wa Injili unaoyaweka majina hayo mawili pamoja, Maria na Salome, kwa mtu mmoja. Aliyeyaunganisha ni Kanisa, katika kumbukumbu za watakatifu wake. Kwa hiyo kinachosikika kwanza katika jina hilo ni kisima cha ubatizo, kabla ya Maandiko. Mapadre Weupe walifika Kashozi mwaka 1892, na tangu hapo majina ya watakatifu yameenea migombani kote, yakawa majina ya mabinti wanaochota maji na kuanika kahawa. "Mwacheni kwanza awe binti wa watu," aliwaambia vijana. Daftarini aliandika maneno matatu, jina la ubatizo, akafunga ukurasa.

Alama ya ziwa inahitaji uangalifu zaidi kuliko jina. Wimbo wa huku ukitaja mawimbi na dhoruba, Mkristo anakimbilia Galilaya, kwenye chombo ambamo Yesu alikuwa amelala juu ya mto. Lakini Wahaya walikuwa na Mugasha, mwenye ziwa na dhoruba, na waimbaji wa enanga, ala yao ya nyuzi, walimsimulia katika tenzi zao ndefu. Kisha kuna tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza, ikachukua mamia ya watu walioagwa Bukoba na Kemondo. Neno wimbi kinywani mwa mwimbaji wa Kagera linaweza kutoka popote kati ya hapo, na pengine kote kwa pamoja. Msikilizaji hodari anangoja ubeti unaofuata umwonyeshe. Ukija msiba, anaupa msiba haki yake.

Wapo watunzi wanaotangaza wazi walikochota, na hapo kazi hubadilika. Rivers of Babylon, ambayo Boney M waliipigisha dunia nzima mwaka 1978, ilitungwa na Melodians wa Jamaika mwaka 1970 kutoka Zaburi ya 137, wakiongezea maneno ya Zaburi ya 19. Melodians walikuwa wameingiza humo majina ya imani ya Kirasta; Boney M wakamrudisha Bwana wa zaburi. Kugundua zaburi si kazi, mtoto wa mafundisho ya kipaimara anaweza. Kazi ni kusikia kilichoachwa. Zaburi hiyo inamalizika kwa kumwita heri atakayelipiza kisasi juu ya watoto wachanga wa Babeli, na katika wimbo aya hizo hazimo. Mwalimu huwasomea vijana zaburi yote kwa sauti, hadi mstari wa 9, baada ya kucheza wimbo. Hawachezi tena mara moja.

Kilichonivutia kuliko vyote ni jinsi alivyoshughulika na bendi ya U2. Kijana alileta 40, wimbo wa mwaka 1983 uliojengwa juu ya Zaburi ya 40, akiona amemaliza. Mwalimu akasema swali la kiitikio halimo katika zaburi hiyo: lile la mtu anayetaka kujua mateso yataisha lini liko karibu zaidi na Zaburi ya 6. Kisha akaomba albamu nzima, War. Ikachezwa kuanzia mwanzo. Wimbo wa kwanza ni Sunday Bloody Sunday, unaobeba jina la Jumapili ya tarehe 30 Januari 1972, askari wa Uingereza walipowapiga risasi waandamanaji mjini Derry. Na swali linaloulizwa humo ni lile lile. Albamu inaanza nalo mtaani penye damu, na inafunga nalo ndani ya zaburi, likiwa bado halijajibiwa. Kijana aliyekuja na wimbo mmoja akaomba penseli.