Masomo ya Padri Landu



Kitabu ninachotaka kusemea hapa si kipya. Kilichapwa Paris mwaka wa 1973, kwa Présence Africaine. Jina lake ni «Entre les eaux», na aliyekiandika ni V. Y. Mudimbe, mtoto wa Likasi, aliyezaliwa mwaka wa 1941 na kufariki mwezi wa Aprili 2025. Kifo chake kiliposikiwa, wenye elimu walisemea zaidi vitabu vyake vingine, hasa kile cha 1988 kinachoonyesha namna Wazungu walivyojitungia Afrika ndani ya maandiko yao. Lakini katika seminari zetu Mudimbe ni mtu wa kitabu kimoja, hiki cha Padri Landu. Kinapita mkono kwa mkono, jalada limekatika, na mara nyingi kinasomwa vibaya. Ndiyo sababu naandika.

Niseme kwanza habari yake kwa wale wasiokisoma. Pierre Landu ni padri Mkongomani. Alisoma Roma, ni daktari wa teolojia, na sheria za Eklezia anazijua. Anarudi kwao kutumika katika parokia, na hapo anaanza kuona ya kuwa Eklezia anayoitumikia imekaa karibu na wenye nguvu kuliko na maskini. Basi anaacha parokia, anaingia porini kwa waasi wanaofuata mafundisho ya Marx. Kule hawamwamini. Anamwandikia askofu wake barua. Barua inashikwa, naye anahukumiwa kufa. Mbele ya kuuawa, askari wa serikali wanashambulia kambi, anapona. Kisha anaoa. Ndoa nayo inamshinda. Mwishoni tunamkuta katika monasteri. Kitabu ni kifupi, na Landu mwenyewe ndiye anayetusimulia.

Wakati wa masomo yangu tulipewa kitabu hiki kama dawa chungu. Tuliambiwa: tazameni padri aliyeingia katika siasa, tazameni alikofika. Wengine kati ya wazee wetu wanatoa humo fundisho la namna nyingine: masomo mengi yanaharibu padri; kama Landu angejua katekisimu na breviari tu, angekufa paroko mzuri. Ninawaheshimu wazee hao, lakini maneno yao yote mawili nayakataa.

Mudimbe hakusema ovyo juu ya malezi ya mapadri. Yeye mwenyewe alilelewa katika seminari ndogo, akaishi na Wabenediktini wa Gihindamuyaga kule Rwanda, kisha akatoka akaenda kusoma Lovanium. Kitabu chake kilitoka mwaka mmoja baada ya ugomvi wa 1972, wakati serikali ya Mobutu ilipotaka kuingiza vijana wa chama, JMPR, hata ndani ya seminari, na maaskofu wakapinga. Na mwaka wa 1975 kilipata tuzo ya Wakatoliki, le Grand Prix catholique de littérature. Sidhani waliotoa tuzo hiyo walikisoma kama tusi kwa Eklezia, wala kama onyo dogo la kutisha waseminari.

Nimekisoma tena mwaka huu, huku Masisi, usiku, kwa taa ya mkono. Mara hii niliona jambo ambalo sikuliona zamani. Landu anapoingia porini, hatoki seminari. Anaingia seminari nyingine. Kule kuna mkubwa wa kutii. Kuna mafundisho ya kushika, na neno moja lisilo sawa linatosha kukutia mashakani. Kuna wenzako wanaokutazama unavyokula na unavyonyamaza. Kuna hukumu. Landu anayajua mambo haya yote tangu utoto wake. Juu ya hiyo naamini hakuchagua waasi kwa sababu ya maskini peke yao. Alichagua nyumba yenye kanuni, kwani hajui kuishi katika nyumba isiyo na kanuni. Hata ndoa yake inafanana na kitubio alichopewa na mtu asiyeonekana. Na monasteri ya mwisho, je, tuiite wongofu au kurudi darasani? Parokia, kambi, nyumba ya ndoa, monasteri: katika makao hayo manne Landu ni mwanafunzi anayengoja mkubwa fulani amwambie kama amefaulu.

Hapo Mudimbe ametugusa mifupani, sisi tuliolelewa hivyo. Anatugusa tena kwa lugha. Landu anawaza katika Kifaransa kizuri sana, chenye Kilatini na vitabu vingi ndani yake, na kila mara anapopata uchungu, uchungu ule unageuka kuwa wazo. Nani kati yetu hajafanya vile? Nimepata kuketi karibu na mgonjwa, kichwani mwangu nikitengeneza mahubiri ya maziko yake, naye angali akinitazama.

Lakini kitabu kina upungufu, nami nitausema wazi. Watu ambao Landu anasema ametoka kwa ajili yao hawana uzito ndani ya kurasa. Maskini wanapita nyuma kama kivuli cha mawingu juu ya mlima. Hata mke wake hatumjui sawasawa. Anaolewa, anaachwa, na sisi tunabaki na mawazo ya mume. Mwandishi angeweza kujibu: ndivyo nilivyotaka, nimewafunga ndani ya kichwa cha Landu kusudi mukose pumzi kama yeye. Nakubali nusu ya jibu hilo. Hata hivyo, kitabu kinachoshitaki mtu kwa kutosikia wengine kingetufanya tusikie kidogo sauti za wale wasiosikiwa, hata kupitia ukutani. Hapa ukuta ni mnene mno, na kwa sehemu nyingine Landu anabaki kusifiwa na maumivu yake mwenyewe.

Pengine nisingeona upungufu huu kama nisingefundishwa na fratri mmoja. Ni mtoto wa Walikale. Wazee wetu wanakumbuka ya kuwa vita ya 1993 ilianzia sokoni Ntoto, upande ule wa Walikale, mwezi wa Machi, ikapanda mpaka Masisi yote. Na tangu siku ile vijiji vingi kati ya Nyabiondo na Kashebere vimejua bunduki za kila jina. Mwezi wa Januari 2025 M23 ilichukua Goma, na mwezi wa Machi ikafika Walikale yenyewe, ikakaa huko siku chache. Vijana waliosoma pamoja na fratri yule shule ya msingi, wengi wao wako porini. Alipokuwa nyumbani wakati wa mapumziko, walikuja kumwona. Kisha akapanda kwa miguu mpaka kwangu.

«Padri, aliniambia, hawakuniomba kubeba bunduki. Waliniomba kalamu. Walisema: wewe umesoma, utatuandikia barua zetu.»

Niliona vizuri alikuwa bado hajawajibu. Na jambo halikuwa jepesi. Vijana wale wanalinda vijiji vyao, ndivyo wanavyosema, na mara nyingine ni kweli. Mmoja wao ni mtoto wa shangazi yake. Kuandika barua si kuua. Nilimpa maneno ambayo padri anapashwa kutoa, nikaona hayakumfikia. Basi nikampa kitabu. Niliwaza: atasoma namna waasi walivyomtendea Landu mwenye elimu, ataogopa. Kumbe nami nilikuwa nikikitumia kama dawa, sawa na wale niliowakataa hapo juu!

Siku ya tano alikirudisha. Nilimwuliza ameona nini. Akafikiri kidogo, akasema: «Padri, nani alimpa Landu chakula?»

Nilitaka kumjibu ya kuwa roman si hesabu ya magunia. Nikanyamaza. Kwa maana kwao, yeyote anayepita na bunduki anakula: leo mbuzi, kesho mihogo, siku nyingine mpunga uliokwisha kutwangwa. Mama yake anazika mbegu ndani ya debe, chini ya majivu ya jiko, kusudi msimu usipotee. Fratri alisoma kitabu kizima akimtafuta mama yule. Landu anawaza juu ya Mungu, juu ya Marx, juu ya nafsi yake na usafi wake; juu ya mtu aliyelima kile anachokula hawazi sana. «Kama nikiwaandikia barua, fratri aliendelea, barua ya kwanza itakuwa ya kuomba chakula kijijini. Na wataisoma kwa mama.»

Hakuna mwalimu wa seminari aliyenipa uchambuzi mfupi na mzuri kama huo.

Tusidhani basi ya kuwa Landu alipotea kwa sababu alisoma mno. Stefano Kaoze, padri wa kwanza wa Kongo, aliyepadirishwa mwaka wa 1917 kule Baudouinville, alijazwa Kilatini kama Landu. Lakini tangu mwaka wa 1911, angali mseminari, maandiko yake juu ya fikira za Wabantu yalikuwa yamechapwa, na aliyaandika kwa kuwatazama watu wake. Na Floribert Bwana Chui, mtoto wa Goma, aliyetangazwa mwenye heri huko Roma tarehe 15 Juni 2025, alikuwa amesoma sheria. Masomo yake yalifika mpakani, mbele ya chakula kilichoharibika, na mbele ya watu waliompa feza kusudi akiache kipite. Alikataa, wakamwua mwezi wa Julai 2007. Alifikiri juu ya matumbo ya watu asiowajua. Landu mwenye vyeo viwili vya Roma hakuulizwa swali rahisi kama hilo na waalimu wake, na mwandishi wake hakumwuliza pia.

Kwa hiyo ningependa kitabu kisomwe katika seminari kwa namna nyingine. Kisiwe cha kutisha. Na wafratri wasikisome peke yao: wakisome pamoja na walimu wa dini wanaojua Kifaransa, nao wako. Mtaguso, katika «Ad Gentes» ya 1965, uliomba shule ziongezwe kwa ajili ya walimu hao. Papa Fransisko, mwezi wa Mei 2021, aliweka utumishi wao kuwa huduma kamili ya Eklezia. Sisi huku tulijua mbele ya karatasi. Njia inapofungwa na padri hawezi kufika, mwalimu ndiye anayeita watu kusali, ndiye anayezika, ndiye anayejua nani amekimbilia wapi. Mara nyingi alisoma miaka michache tu, na masomo yake yanaulizwa kila siku na watu wenye njaa. Ya Landu yaliulizwa na maprofesa. Simsifu mwalimu kwa kutosoma, maana ninajua nini kinatokea pale ambapo mtu anafundisha Evanjili asiyoielewa. Nasema tu ya kuwa akiketi karibu na fratri, kitabu kile kile kitasema mambo ambayo hakikusema darasani.

Fratri alirudi seminari. Hakunieleza aliwajibu nini vijana wale, nami sikumwuliza. Najua tu alipita njia ndefu, ya Hombo na Bunyakiri, na ya kuwa mtoto wa shangazi yake alimsindikiza hatua ya kwanza bila bunduki. Nakala yangu ya «Entre les eaux» iko sasa kwa mwalimu wa dini wa kijiji kimoja chini ya Nyabiondo. Anaisoma polepole, na akikuta Kilatini anaruka. Juma lililopita aliniletea neno kwa mdomo wa mama mmoja aliyekuja sokoni. Anauliza kama Landu, siku ile alipotoka parokiani, aliaga mtu yeyote. Sijamjibu, kwani kitabu anacho yeye.