F-35B Yasimama Hewani, Harrier Ipumzike

Mlango umefunguka mgongoni mwa ndege, nyuma tu ya rubani, kama kifuniko cha birika. Bomba la injini mkiani limepinda kuelekea chini. Zaidi ya tani 15 za chuma zimesimama hewani, tuli, mbele ya watazamaji wa Fairford, Uingereza. Jamani! Ngurumo yake unaisikia kifuani kabla ya masikioni.

Ndiyo F-35B hiyo, mrithi wa Harrier, ndege ya kivita iliyotangulia kusimama hewani hivi. Nami niliyeihusudu Harrier tangu utotoni nasema bila kumung'unya maneno: mtoto amempita mzazi, na kwa mbali.

Fikiria kazi ya rubani wa Harrier. Mkono wa kulia umeshika usukani; wa kushoto unaongeza na kupunguza nguvu ya injini, na huohuo ndio uvute wenzo wa kugeuza midomo minne ya kutolea hewa. Ukivuta usio wenyewe, umekwisha. Siku za joto injini ya Pegasus ilinyunyiziwa maji ili iongeze nguvu, na tangi lilikauka kwa sekunde 90 hivi! Kwenye F-35B unabonyeza kitufe, mengine inafanya kompyuta. Ukiachia usukani, ndege inabaki palepale. Chini ya ule mlango kuna feni kubwa inayozungushwa na injini ileile ya mkiani, ikisukuma hewa baridi chini. Waliobuni kitu hiki walale pema wakiwa hai.

Na rada sijaigusa bado! Harrier ilining'iniza mabomu mabawani, waziwazi. F-35B inayaficha tumboni, na kingo za milango ya tumbo hilo zimekatwa menomeno ili mawimbi ya rada yatawanyike kando, yasimrudie aliyeyatuma. Hapo tu ndipo ninapolalamika: feni imekula nafasi, hivyo humo ndani yanaingia mabomu mawili ya kilo 450 hivi na makombora mawili, wakati ndugu yake F-35A anameza mabomu yenye uzito mara mbili.

Kofia nayo! Kamera sita zinamletea rubani picha machoni. Akiinama, anaiona ardhi kupitia sakafu ya ndege.

Katika vita vya Falklands, 1982, Sea Harrier, yaani Harrier za jeshi la majini, hazikupoteza hata moja katika mapambano ya ndege kwa ndege. Heshima yao iko palepale. Lakini hii sasa inatua, wima kabisa, na wewe bwana mwenye ngazi, hebu shuka kidogo nami nipande nione.