Pua Iliyooteshwa Kikombeni

Mgeni akisikia Airport hudhani ni kiwanja cha ndege tu. Kwa mkaazi wa Changamwe ni wadi, jirani na Port Reitz na Chaani, na wengi wanaoishi hapo hawajawahi kupanda ndege. Lakini kinachoshuka na abiria huwafikia wao mwanzo: dereva wa teksi, mbeba mizigo, mama wa chai na mahamri nje ya lango. Abiria ana kikohozi chepesi, analipa nauli, anakwenda zake Diani. Kikohozi kinabaki Magongo.

Kwamba virusi vimekuwa vikiingia hivi, watu wa Kilifi wamevihesabu. Watafiti wa kituo cha KEMRI-Wellcome Trust kilichoko huko walisoma jenomu 1,139 za kirusi cha korona kutoka kaunti sita za Pwani, za kati ya Machi 2020 na Februari 2021. Kwa kufuatilia mabadiliko madogo madogo ya herufi zake, walikadiria kwamba kirusi kiliingizwa Pwani mara 280, na Mombasa, kwa njia zake zote, ilikuwa mlango mkubwa. Sehemu kubwa ya hizo iliingia katika wimbi la kwanza, masharti ya serikali yakiwa bado yamekaza.

Kazi hiyo naiheshimu sana. Hata hivyo jenomu ni kama pasipoti: inaonyesha kirusi kimetoka wapi na kina undugu na kipi. Kitafanya nini kikishatua puani mwa yule mama wa chai, hilo pasipoti haisemi. Lazima ulitazame likitendeka kwenye nyama hai ya pua, na kwa kuwa huwezi kumwambukiza mtu makusudi kila unapotaka kujua jambo, inabidi uoteshe pua.

Kwa miaka mingi virusi vilihojiwa mahali pasipo pao. Seli zinazotumika mno maabarani ni za Vero, zilizotolewa Japani mwaka 1962 kwenye figo la tumbili, wa jamii moja na hawa wanaotumalizia maembe huku Pwani. Ni seli zisizochoka. Zinagawanyika mpaka leo. Pia zimepoteza jeni za interferoni, yaani ile mbiu ambayo seli iliyovamiwa huwapigia majirani zake. Kirusi hustawi humo kama mwizi katika mtaa wa mabubu. Ukitaka virusi vingi kwa haraka, Vero inafaa. Ukitaka kujua tabia ya kirusi ndani ya binadamu, unaweza kupotoshwa vibaya.

Sasa tishu yenyewe huoteshwaje? Huanza na burashi nyembamba iliyopitishwa puani, au kipande cha njia ya hewa kilichobaki baada ya upasuaji. Zinazotafutwa ni seli za msingi, zile za chini kabisa ya utando, ambazo kazi yao ni kuziba pengo seli za juu zikifa. Hupandwa ndani ya kikombe kidogo cha plastiki ambacho sakafu yake ni chujio lenye vitundu visivyofika nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Kikombe kinaning'inizwa ndani ya kingine chenye maji ya lishe, na seli zinalishwa juu na chini mpaka zienee sakafu nzima.

Hapo ndipo penye ufundi. Maji ya juu yanaondolewa, ya chini yanaachwa. Seli zinaanikwa: miguu majini, vichwa hewani, kama zilivyokuwa puani. Hali hiyo, pamoja na viambato vya lishe, huziamsha zikumbuke zilikuwa nani. Wiki tatu au nne baadaye baadhi zimeota vinyweleo, nyingine zinatoa ute, na zile za msingi zimebaki chini kungoja zamu yao. Chini ya darubini vinyweleo vinapiga kwa pamoja na kuusukuma ute upande mmoja, kama majani ya baharini maji yakijaa. Ute huo unatoka kwelikweli, na mtafiti analazimika kuuosha kila baada ya siku chache. Sijui kazi nyingine ya maabara inayonigusa kama hii: kumkuta mtu akiosha kamasi za pua isiyo na mwenyewe.

Kabla ya kuambukiza, hupimwa ukinzani wa umeme kati ya juu na chini ya utando. Ukiwa mdogo, utando unavuja na jaribio halina maana. Kisha kirusi kinadondoshwa juu, upande wa hewa, kama kinavyotujia sote. Kinaachwa saa moja au mbili, kinaoshwa. Kuanzia hapo, kila siku uso wa tishu unasuuzwa na virusi vinapimwa, na maji ya chini yanapimwa pia ili ijulikane kama kimepenya.

Njia hii ndiyo iliyotumika korona ilipotambuliwa. Watafiti wa China walitia maji ya mapafu ya wagonjwa wa Wuhan juu ya tishu iliyooteshwa wiki nne hadi sita kutokana na mabaki ya upasuaji. Baada ya saa 96, vinyweleo vya sehemu iliyoshambuliwa vilikuwa vimesimama. Kwenye Vero hakikuonekana kitu mpaka siku ya sita. Ripoti yao ilitoka Januari 24, 2020.

Mfano ninaoupa uzito zaidi ni wa klorokwini. Nani wa rika letu hapa Pwani asiyeijua, ile dawa ya malaria iliyotuwasha mwili mzima? Mwanzoni mwa 2020 vipimo vya Vero vilionyesha inazuia korona, na dunia ikaikimbilia. Vipimo havikudanganya; aliyeulizwa ndiye hakuwa mhusika. Ndani ya Vero kirusi huingia kwa mlango wa uani: humezwa ndani ya kifuko, na kifuko lazima kiwe na uchachu ndipo kirusi kifunguke. Klorokwini huuondoa uchachu huo, basi mlango unajifunga. Lakini seli za njia ya hewa ya binadamu zina kimeng'enya kiitwacho TMPRSS2, kinachokifungulia kirusi mlango wa mbele, pale pale juu ya ngozi ya seli. Kufunga uani hakusaidii kitu. Julai 2020 makundi mawili ya watafiti yalichapisha ushahidi, moja la Ujerumani lililotumia seli za mapafu ya binadamu, jingine la Ufaransa lililotumia tishu iliyooteshwa pamoja na kima: dawa za jamii hiyo hazikufanya kazi. Laiti swali lingepelekwa kwenye tishu hiyo Februari, wagonjwa wangapi wangeepushwa kumeza dawa isiyo na faida kwao.

Aina mpya ya korona, Omikroni, ilipotokea Novemba 2021 swali liliwahishwa kwenye tishu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Hong Kong walitumia vipande halisi vya njia ya hewa na mapafu vilivyotolewa kwa upasuaji. Katika saa 24 Omikroni ilizaana kwenye mirija ya hewa karibu mara 70 zaidi ya Delta iliyoitangulia, lakini ndani ya pafu ilizaana kidogo, chini ya sehemu moja ya kumi ya kirusi cha awali. Jenomu peke yake isingetoa picha hiyo.

Huko Kilifi, kirusi kilichochunguzwa tangu kabla ya korona ni RSV, kinachowabana watoto wachanga kifua. Kwenye seli za kawaida za maabara RSV huziyeyusha seli zikaungana kuwa bonge. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walikiweka juu ya tishu iliyoanikwa, kikaingia kwenye seli zenye vinyweleo tu, tena bila kuziharibu kwa wazi. Mpole wa kutisha. Naoanisha matokeo hayo na yaliyoonekana vijijini Kilifi, ambako waliobeba RSV bila dalili hawakuwa haba, na aliyemletea mtoto mchanga mara nyingi alikuwa ndugu yake mkubwa.

Tishu hizi zina upungufu. Hazina damu wala seli za kinga zinazokuja kupigana, na kila kikombe ni pua ya mtu mmoja. Ndiyo maana naona umuhimu wa pua hizo kuwa pia za huku: pua ya Magongo iliyovuta vumbi la malori ya bandari na moshi wa makaa tangu utotoni. Kutoka Desemba 2009 hadi Juni 2010, familia 47 za Kilifi ziliwafungulia watafiti milango mara mbili kwa wiki, watu 493, na sampuli za pua zaidi ya 16,000 zikakusanywa. Burashi ya kuchukulia seli za msingi haiingii mbali kuliko kijiti kilichochukulia sampuli hizo.