Tamusuza na Sauti Nne za Makambako: Je, Mtunzi Huyu Anamtungia Nani?

Makala haya yanamhusu mtunzi wa Uganda, Justinian Tamusuza, pamoja na swali ambalo wahakiki wetu hupenda kumrushia kila msanii wa Afrika aliyepata jina ng'ambo: je, anamtungia nani? Swali hili ni la haki. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi tunalijibu kabla ya kuisikiliza kazi yenyewe.

Tamusuza alizaliwa mwaka 1951. Alisoma Makerere, akaenda Belfast alikofundishwa na Kevin Volans, mzaliwa wa Afrika Kusini, kisha akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Baadaye alifundisha Makerere. Jina lake lilivuka mipaka mwaka 1992, pale kundi la Kimarekani la Kronos Quartet (fidla mbili, viola na selo) lilipotoa albamu ya Pieces of Africa. Humo mna kazi yake "Ekitundu Ekisooka", ambayo ni sehemu ya kwanza ya Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, aliyoitunga mwaka 1988. Mbantu mwenzetu hahitaji kamusi kubwa ili aelewe maana yake: Katika Njia ya Msalaba.

Hapo ndipo lawama zinapoanza. Wapo wanaosema kwamba huu ni muziki wa Wazungu uliovikwa jina la Kiganda, wa kuburudisha tabaka dogo katika kumbi za Ulaya na Marekani. Hivi kweli? Kama hoja ni fidla tu, basi hata riwaya ya Kiswahili tuikatae, maana umbo lake nalo halikuzaliwa Pwani. Mwaka 1974 Kezilahabi alipotoa Kichomi, aliambiwa kwamba hayo si mashairi kwa sababu hayana vina na mizani. Mabishano yale yalitufundisha, au yalipaswa kutufundisha, kwamba fani haihukumiwi kwa sura ya nje.

Tuitazame basi fani ya Tamusuza kwa ndani. Chanzo chake ni muziki wa Kiganda, na mfano mzuri wa muziki huo ni amadinda, marimba ya vibao 12 inayopigwa na watu watatu. Wa kwanza anapiga mfululizo wake, wa pili anaingiza wake katikati ya mapigo ya yule wa kwanza, na wa tatu anaokota noti fulani na kuzirudia juu. Msikilizaji anasikia wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga peke yake! Wimbo unazaliwa sikioni. Mganda anayeujua wimbo huo husikia na maneno yake, ingawa hakuna aliyeyatamka. Katika kwateti ya Tamusuza, nyuzi zinafanya kazi ya namna hiyo: vipande vifupi vinarudiwa na kupishana, na hakuna fidla moja inayojifanya bwana mkubwa huku nyingine zikimsindikiza. Kwa maoni yangu, hapa mtunzi amefaulu, kwa kuwa Uganda wake umo katika namna wapigaji wanavyogawana kazi, haukuishia kwenye jina la kipande.

Sasa tumpeleke mtunzi huyu Makambako, njia panda ambapo barabara ya Songea inaachana na ile ya Mbeya na treni ya TAZARA husimama. Ukiendelea kusini unafika Njombe, yalipo makao ya Jimbo Katoliki lililoundwa mwaka 1968 na ya Dayosisi ya Kusini ya KKKT. Huku muziki wa kuandikwa si jambo geni hata kidogo. Kwaya zina sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na besi. Zote nne zinajifunza kwa karatasi. Kwateti ni watu wanne. Kwaya ni sauti nne. Umbali kati yao ni mdogo kuliko tunavyodhani.

Tofauti kubwa ipo kwenye maneno. Mara nyingi kwaya zetu hutamka silabi moja kwa pamoja, kwa sababu wimbo ni mahubiri na ujumbe lazima usikike. Mwalimu wa kwaya akigawa neno moja kati ya sauti nne kwa mtindo wa amadinda, waumini watauliza, "Wanasema nini hao?" Pingamizi hilo ni la kweli, nami silipuuzi. Lakini linashinda tu pale ambapo maneno ni mapya. Ijumaa za Kwaresima Wakatoliki wa Njombe huzunguka vituo 14 vya njia ya msalaba, na maneno ya ibada hiyo wengi wanayajua kwa moyo. Hapo mtunzi anaweza kumwachia msikilizaji amalizie mwenyewe, kama Mganda mbele ya amadinda. Msikilizaji ambaye tunadai Tamusuza hana, tayari yupo, anapiga magoti.

Kinachomzuia, tuseme ukweli, ni karatasi. Kwateti imeandikwa kwa nota za mistari, na walimu wengi wa kwaya wanasoma tonika solfa. Tusiidharau solfa. Enoch Sontonga aliuandika kwa solfa, mwaka 1897 huko Afrika Kusini, wimbo ambao muziki wake ndio wa "Mungu Ibariki Afrika", na leo kila mtoto wa shule Makambako anauimba. Sontonga alifariki mwaka 1905, maskini, bila ukumbi wala albamu. Karatasi yake ilisomeka, ikatembea.

Kwa hiyo lawama yangu kwa Tamusuza ni ndogo kuliko ile ya wenzangu, lakini ipo: kwateti hii, kwa jinsi ilivyoandikwa, inawategemea wapigaji ambao Makambako haina. Deni kubwa zaidi ni letu. Kijana wa Njombe anayetunga kwa solfa huwa tunamwita "mwalimu wa kwaya", na yule aliyepita Northwestern tunamwita "mtunzi". Idara zetu zichambue kazi za wote wawili kwa vipimo vilevile vya fani na maudhui. Na kijana huyo, Kwaresima ijayo, ajaribu kituo kimoja tu kwa sauti zinazopishana. Waumini wakiyasikia maneno, tutakuwa tumepata jibu ambalo kumbi za ng'ambo haziwezi kutupa.