Mwalimu wa Kwanza wa Punda ni Mkokoteni

Punda akisimama ghafla kwenye Barabara ya Garissa pale Kamenu, Thika, mkokoteni umejaa mitungi ya maji na matatu zinampigia honi kwa nyuma, watu humpa moja kati ya majina mawili: mkaidi au mvivu. Kisha fimbo inafanya kazi yake, punda anasogea hatua nne tano, anasimama tena, na shughuli inaanza upya. Nadai kwamba majina yote mawili hayamfai, na kwamba tunachokiita ukaidi ni somo alilofundishwa, tena kwa bidii, na wale wale wanaomlalamikia. Nadai pia jambo ambalo wapenzi wa kufundisha farasi kwa njia ya upole hawalisemi sana, labda kwa kuwa wengi wao hawajawahi kufunga mnyama kwenye mkokoteni wa magurudumu mawili: kabla mwendeshaji hajafungua kinywa wala kuinua mkono, mkokoteni wenyewe umeshaanza kumfundisha punda, na mara nyingi unamfundisha vibaya.

Kwa nini punda, wakati mbinu hizi zilibuniwa kwa ajili ya farasi? Thika imewahi kuwa na farasi wake. Elspeth Huxley, ambaye wazazi wake walikuja hapa kuanzisha shamba la kahawa muda mfupi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, anamtaja farasi mdogo aitwaye Moyale katika kitabu chake The Flame Trees of Thika, kilichotoka 1959. Lakini farasi hakuwahi kuwa mnyama wa kazi wa mwananchi wa kawaida huku. Ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi, huua sehemu kubwa ya farasi wanaoupata, ilhali punda wengi huupata na kupona bila mwenyewe kujua. Na haishangazi: utafiti wa jenetiki uliochapishwa 2022 katika jarida la Science ulionyesha kwamba punda alianza kufugwa Afrika Mashariki, yapata miaka 7,000 iliyopita. Yeye yuko kwao. Anayetaka kujua kama mafundisho ya wachungaji wa ng'ombe wa Marekani yana maana yoyote kwa mtu wa Kamenu au Ruiru, basi na amtazame huyu anayepeleka maji mitaani mifereji inapokauka.

Mafundisho hayo yana baba zake, Tom Dorrance na Ray Hunt, na yana wauzaji wake wakubwa, Pat Parelli na Monty Roberts, huyu wa mwisho akiwa ndiye ambaye Malkia Elizabeth wa Pili alimwalika Uingereza mwaka 1989 aonyeshe jinsi ya kumzoesha farasi mbichi bila kumpiga. Hadithi inayosimuliwa ni ya lugha na uongozi: kwamba farasi huzungumza kwa mwili, kwamba binadamu akijifunza lugha hiyo farasi humkubali kuwa kiongozi wa kundi na kumfuata kwa hiari. Ni hadithi nzuri, na onyesho lenyewe huvutia. Farasi anakimbizwa katika zizi la mviringo, anachoka kukimbia, anageuza sikio, anainamisha kichwa, na hatimaye anamfuata mtu nyuma bila kamba. Ila mwaka 2012 Cath Henshall na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney walimwondoa binadamu katika onyesho hilo. Mahali pake waliweka gari dogo la kuchezea linaloendeshwa kwa rimoti. Gari lilimsumbua farasi, na liliacha kumsumbua kila alipofanya kilichotakiwa. Farasi walijifunza kuligeukia na kulisogelea. Sidhani kuna farasi aliyeliona gari la kuchezea kuwa kiongozi wa kundi lake.

Wapo waliousoma utafiti huo kama kifo cha njia ya upole. Mimi nausoma kinyume chake. Ikiwa kinachofundisha ni kubana na kuachia, na hasa ule wakati wa kuachia, basi ujuzi huu hauhitaji karama, wala kofia pana, wala zizi la mviringo. Unahitaji mkono unaojua kulegea kwa wakati. Mnyama anavutwa kwa kamba kwa nguvu ndogo isiyobadilika. Hajui anachotakiwa kufanya. Anajaribu kurudi nyuma, kamba bado imekaza. Anajaribu kwenda kando, bado. Anainua kwato moja mbele, na papo hapo kamba inalegea. Papo hapo maana yake ndani ya sekunde moja, kwato ikiwa bado hewani, si baada ya hatua tatu. Akirudiwa mara chache, kamba inahitaji kukaza kidogo tu, kisha hata kukaza hakuhitajiki. Sasa linganisha na fimbo ya barabarani. Punda anapigwa ili aondoke. Anaondoka. Anaendelea kupigwa ili aongeze mwendo, na mara nyingine ili tu asije akasahau. Kuondoka hakukumletea nafuu yoyote, kwa hiyo kuondoka si jibu, na mnyama ambaye hakuna jibu linalompa nafuu huacha kutafuta. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier walilionyesha jambo hilo kwa mbwa waliopigwa shoti za umeme wasizoweza kuzizuia: baadaye, hata walipofunguliwa njia ya kutokea, wengi walilala tu na kuvumilia.

Hapa ndipo mkokoteni unapoingia, na ndipo ninapoona mafundisho ya kigeni yanaishia njiani. Kubana kunafundisha endapo tu kuna kuachia. Tuseme sasa kamba ya nailoni yenye unene wa kidole imepita kifuani mwa punda na ndiyo inayovuta mzigo wote. Mtungi wa lita 20 una kilo 20 za maji. Mitungi 20 ni kilo 400, kabla hujahesabu mbao, chuma na tairi, na punda wa kwetu kwa kawaida hana zaidi ya kilo 150. Kamba hiyo inabana akitembea, na kadiri anavyojikaza kuondoka ndivyo inavyomkata. Kwa lugha ya mafunzo, punda anaadhibiwa kila anapotii. Akisimama, maumivu yanapungua; yaani kusimama ndiko kunakolipwa. Mwendeshaji anaweza kuwa na mkono mwepesi kuliko wote Kiambu, lakini sauti yake haisikiki, kwa sababu kifua cha punda kinapiga kelele kuliko yeye.

Kuna pia suala la mizani, ambalo huonekana vizuri wakati wa kushusha mitungi. Mkokoteni una ekseli moja. Mzigo ukiwa mbele ya ekseli, ile miti miwili inayomshika punda inakandamiza mgongo wake; ukiwa nyuma, miti inainuka na ukanda wa tumboni unamnyonga. Asubuhi, mkokoteni ukiwa umejaa, mara nyingi mizani iko sawa, maana mitungi imepangwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Mteja wa kwanza anachukua minne. Mwendeshaji anashusha ile ya nyuma, iliyo karibu na mkono wake. Wa pili anachukua sita, na hiyo nayo inatoka nyuma. Sasa mitungi kumi iliyobaki yote iko mbele ya ekseli, na ingawa mzigo umepungua nusu, mgongo wa punda umebeba uzito mkubwa kuliko ulivyobeba mkokoteni ukiwa umejaa. Mtu anashangaa: mbona punda alikuja vizuri na mzigo mzima, akaanza ukaidi mzigo ulipopungua? Kisha kuna miteremko ya kushukia mto Chania na mto Thika. Ikiwa hakuna ukanda unaopita nyuma ya mapaja yake wa kuzuia mkokoteni, mzigo wote unamsukuma, na punda anajifunza kwamba ardhi ikianza kuinama, balaa inatoka nyuma. Kesho yake atasimama juu ya mteremko, na jina lake litakuwa mkaidi.

Kusimama kwenyewe kuna asili. Farasi ni mnyama wa tambarare za nyasi. Akishtuka hukimbia kwanza, hufikiri baadaye. Mababu wa punda waliishi kwenye majangwa yenye mawe, ambako kukimbia ovyo ni kuvunjika mguu. Punda akishtuka hutulia na kuchunguza. Tena hawezi kuona kilicho chini kabisa ya pua yake, kwa hiyo akifika kwenye mfereji wa maji machafu au kifuniko cha chuma hutaka kuinamisha kichwa apime. Kamba ikiwa fupi na imekazwa, hawezi kuinama. Asipoweza kuona, hapiti. Kumlegezea kamba kwa sekunde mbili tatu humaliza ugomvi ambao fimbo huurefusha hadi foleni ifike mzunguko wa pili.

Pingamizi la kwanza ni kwamba fimbo inafanya kazi: ukimpiga, anakwenda. Ni kweli anakwenda, na hilo ndilo tatizo, kwa sababu anayefundishwa hapo ni mwendeshaji. Yeye amebanwa na honi na mteja anayesubiri, anapiga, punda anasogea, ubano wake unaachiwa papo hapo. Amepata somo safi kabisa la kubana na kuachia, na kesho atapiga mapema zaidi. Mnyama naye anazoea, kipigo cha jana hakimsogezi leo, nguvu inaongezwa. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumpiga mnyama kikatili na kumfanyisha kazi akiwa na majeraha, lakini sheria haina mkono wa kushindana na somo linalojirudia mara hamsini kwa siku.

Pingamizi la pili ni la wahenga, shukrani ya punda ni mateke, nalo huletwa kama ushahidi kwamba huyu mnyama hafundishiki kwa wema. Teke lina sababu kama tabia nyingine yoyote. Punda ambaye maumivu yake hufichwa na ukimya wake mwenyewe, maana ni mnyama asiyelia ovyo, huguswa penye kidonda na anayemtandika asubuhi, anarusha teke, mtu anaruka nyuma. Mguso umeachiwa. Nani amemfundisha nani?

Pingamizi la tatu ni zito zaidi, na sitalipuuza: muda na pesa. Mtu anayelipwa kwa safari hawezi kumwacha punda mzima wiki nzima bila mzigo ili amfundishe upya, na punda aliyezoea kupigwa kwa miaka hahitaji pungufu ya hapo. Mwenye punda wawili anaweza kupokezana. Mwenye mmoja ana kazi ngumu. Lakini kushusha mitungi kwa kupokezana mbele na nyuma hakuongezi hata dakika. Ukanda wa kifua wenye upana wa kiganja unaweza kushonwa kwa turubai kuukuu la lori lililokunjwa mara tatu nne, na wa nyuma vivyo hivyo. Kuacha kupiga mnyama akishaondoka hakugharimu chochote. Na ikiwa hesabu ndiyo hoja, basi ihesabiwe yote. Sensa ya 2009 ilihesabu punda karibu milioni 1.8 nchini, ile ya 2019 ilipata takriban milioni 1.2, baada ya machinjio yaliyofunguliwa kuanzia 2016 kuuza ngozi nje na kuchochea wizi. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji mwaka 2020, Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku hiyo mwaka uliofuata, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukaamua kusitisha uchinjaji kwa ajili ya ngozi barani kote. Katikati ya vuta nikuvute hiyo, mnyama aliyeharibika mgongo si kitu cha kubadilishwa kirahisi.

Kinachobaki, na kwangu ndicho kigumu kuliko mbinu yenyewe, ni kwamba mijini anayemwendesha punda mara nyingi si mwenye punda. Mwenyewe hupokea kiasi fulani kila jioni, mwendeshaji hubaki na ziada, na gharama ya kidonda huangukia upande usiokuwepo barabarani. Mafunzo ya upole hayawezi kustawi katika mapatano ya namna hiyo hata yakihubiriwa mwaka mzima. Mapatano yenyewe ndiyo yafanyiwe ukarabati: mwenye punda akague kifua, mgongo na nyuma ya mapaja kila jioni kabla ya kupokea pesa, na kidonda kipya kihesabiwe kama anavyohesabu tairi iliyopasuka. Ushahidi hauhitaji daktari wa mifugo. Pale ambapo ukanda au mti umeumiza ngozi kwa kina, manyoya huota tena yakiwa meupe, na hayarudi kuwa kijivu. Anayenunua punda mzima akiona mstari mweupe kifuani na madoa meupe mgongoni, ajue kwamba anamnunua pamoja na somo lake lote, na bei ishushwe kwa kiasi cha zile wiki atakazokaa bila kuvuta chochote.