Pongezi kwa fundi wa Lalago

Pikipiki ya Lalago, wilayani Maswa, haina raha. Kiangazi inameza vumbi, masika inazama kwenye tope jeusi la mbuga, msimu wa pamba inabebeshwa viroba hadi taa ya nyuma haionekani. Taabu zake zinakaribia zile za pikipiki za mbio ndefu za Dakar, ila hapa hakuna kombe.

Anayeiweka hai ni fundi wa chini ya mti. Huanza na eyaklina, yaani kichujio cha hewa: huosha sponji yake, huikamua bila kuisokota, huipaka oili kidogo. Vumbi likipenya hapo, pistoni na silinda hulika. Oili chafu huimwaga ingali vuguvugu, ili itoke na takataka zake. Cheni huisukuma kwa kidole. Ikicheza sentimita 2 hadi 3, huiacha. Ikikazwa mno, itakula sproketi. Mwisho hugonga spoki mojamoja kwa spana, sikio limetegwa: iliyolegea hutoa mlio butu.

Hana cheti ukutani, wala ukuta wenyewe. Lakini mjamzito akifikishwa zahanati kwa pikipiki usiku, salama, mkono wa fundi umo. Kwa Kisukuma, asante ni wabeja: wabeja sana, fundi!