Timu ya Chuo na Timu ya Wanawake: Uhakiki wa Uwekaji Alama ya Jinsia katika Majina ya Timu za Michezo

Uhakiki huu unachunguza dai linalorudiwa mara kwa mara katika mijadala ya isimujamii, kwamba Kiswahili hakibagui jinsia kwa kuwa sarufi yake haina viambishi vya kike na vya kiume. Kisarufi, dai hilo ni sahihi. Nomino mchezaji, nahodha, kocha na mwamuzi huchukua upatanisho wa ngeli ya A-/WA- bila kujali jinsia ya mhusika. Kinyambo, lugha ya Karagwe na Kyerwa, nacho huainisha nomino za watu kwa viambishi omu- na aba- bila kutenga wanawake na wanaume. Kwa hiyo, mwanafunzi anayetoka Ndama kwenda chuo kikuu hutumia lugha mbili ambazo hazimlazimishi msemaji kutaja jinsia ya mchezaji. Swali la msingi ni kwa nini hutajwa afikapo uwanjani.

Nadharia ya Uwekaji Alama, yenye asili yake katika kazi za Trubetzkoy na Jakobson wa Skuli ya Prague, inatoa mwanga. Katika jozi ya istilahi, ile isiyo na alama huchukuliwa kuwa ya kawaida na yenye kuwakilisha jumla. Katika mpira wa miguu, "timu ya chuo" aghalabu hueleweka kuwa ya wanaume. Ya wanawake huongezewa kivumishi. Muundo huo unajitokeza pia nje ya vyuo: Simba na Simba Queens, Yanga na Yanga Princess. Inaweza kudaiwa kwamba alama huwekwa ili kuondoa utata tu. Hata hivyo, timu ya taifa ya netiboli, mchezo ambao nchini huhusishwa na wanawake, nayo huitwa Taifa Queens. Kinyume chake, Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake ya mpira wa miguu, ina jina lisilotaja jinsia. Alama, basi, ni uteuzi wa watumiaji. Si sharti la lugha.

Athari ya uteuzi huo huonekana katika kumbukumbu. Mwaka 2022, nchini India, Serengeti Girls waliifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Kanada, na wakafika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17. Pamoja na hayo, msemaji anaweza kutamka kwamba Tanzania haijawahi kucheza Kombe la Dunia la mpira wa miguu asione kosa, kwa kuwa "Tanzania" isiyo na alama amekwisha kuifasiri kuwa ni Taifa Stars.

Je, suluhisho ni kufuta alama? Mfano wa Chuo Kikuu cha Tennessee, Marekani, unatahadharisha. Mwaka 2014 chuo hicho kilitangaza kuwa timu zake za wanawake, isipokuwa ya mpira wa kikapu, zingeacha jina la Lady Volunteers na kuitwa Volunteers kama za wanaume. Wanamichezo wa sasa na wa zamani walipinga, na mwaka 2017 jina likarejeshwa. Kwao, alama ilikuwa imegeuka urithi, uliojengwa hasa na kocha Pat Summitt na mataji yake 8 ya taifa ya mpira wa kikapu.

Mfano huo unadhihirisha udhaifu wa uhakiki unaoishia kulaumu neno Queens. Kasoro haimo katika neno lenyewe, bali katika kuweka alama upande mmoja. Chuo kinachoandika "timu ya wanawake" katika ratiba na kumbukumbu zake hakina budi kuandika pia "timu ya wanaume". Bila hivyo, "timu ya chuo" itaendelea kuwa mali ya upande mmoja, na ushindi wa upande wa pili utaendelea kuhesabiwa kando.